Sikumpa mpwa wangu damu, na sababu nimeificha

Jambo Mama,

Mke wangu ndiye msomaji wako. Mimi nilikuwa ninasikiliza tu akinisomea kwa sauti jioni, tukicheka matatizo ya watu. Leo ninaandika mimi, na yeye hajui.

Tunakaa Bukavu, upande wa Kadutu, kwenye ule mteremko ambao mvua ikianza usiku kila mtu anaamka kusikiliza ukuta wa jirani wa juu. Nina miaka 39. Ni seremala, nina watoto watatu, na kanisani ninapiga gitaa na kufundisha kwaya ya vijana.

Ninavuta sigara. Nilianza Kamituga nikiwa na miaka 21, tulipokuwa tunashuka shimoni usiku kutafuta dhahabu. Sigara iliua njaa, iliua usingizi, na woga pia. Dhahabu sikurudi nayo, nilirudi na sigara. Sasa ni kama kumi kwa siku. Ninanunua moja moja kwenye butiki ya mbali, maana ya karibu na kwetu ni ya mama mmoja wa kwaya ya wazee. Kanisa letu halitaki tumbaku kabisa, na nimesimama mbele ya vijana zaidi ya mara moja nikiwaambia mwili ni hekalu. Mke wangu anajua. Alichoka kusema, sasa ananiambia tu: "Fanyia huko nyuma." Huko nyuma ni nyuma ya jikoni, pembeni ya tangi la maji, ambapo pia ninaweka kiti changu cha kufungia nyuzi za gitaa.

Yaya wangu, dada yangu mkubwa, anakaa parseli moja, yaani kiwanja kimoja, na sisi. Mtoto wake wa mwisho ana miaka 9, ni mgonjwa wa SS, yaani selimundu. Wenye watoto hao watanielewa. Krizi ikimshika usiku, mikono na miguu inamuuma hadi sisi watu wazima tunatoka nje ili tusimsikie. Baba yake ni mtu wa safari za biashara, hivyo mtoto huyu amelelewa nusu kwao nusu kwangu. Ananiita tonton, yaani mjomba. Ninamfundisha gitaa, na vidole vyake vina akili kuliko vya wale vijana wote wa kwaya.

Miezi miwili iliyopita alizidiwa. Hospitalini walipima wakasema hemoglobini imeshuka hadi 4, anahitaji damu leo leo, familia ilete watu wawili wa kutoa. Shemeji kwa bahati alikuwepo, akaingia. Kisha wote wakanigeukia mimi. Unajua kwa nini? Mwaka uliopita nilipima kwa ajili ya malaria, hemoglobini yangu ikatoka 17, na muuguzi akacheka: "Papa, hii damu inatosha watu wawili." Nilirudi nyumbani nikajisifu kwa kila mtu. Tena mimi ni O chanya kama mtoto.

Mama, nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile na vidole vinanuka. Tangu asubuhi nilikuwa nimeshavuta tatu kwa sababu ya hofu. Nikakumbuka kipindi cha redio, daktari akieleza kwamba moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, zinaingia katika damu na kuharibu protini zake. Nikawaza: mtoto huyu damu yake mwenyewe inamtesa, halafu mimi nimwongezee moshi? Lakini nisikudanganye, kulikuwa na wazo la pili. Niliogopa kwamba watu wa labo (maabara) wataona, watatoka na karatasi, na kusema mbele ya yaya na mbele ya mchungaji aliyekuwa amekuja kuomba: "Huyu ni mvutaji." Nikasema niko kwenye dawa za malaria. Nikaondoka. Damu ya pili ilitolewa na kijana mmoja wa kwaya yangu, mwanafunzi wangu.

Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Ila shangazi yetu alisema neno jikoni na likafika kwangu: "Mjomba anayemnyima mtoto damu, anaficha nini?" Huku kwetu neno kama hilo halikai chini. Yaya ananisalimia kwa sababu ya watu. Chakula hatuletei tena.

Mtoto mwenyewe hajabadilika. Kila Jumamosi anakuja nyuma ya jikoni na gitaa, na siku hizi ananiletea bombo (peremende) za mnanaa, mbili au tatu, anazinunua kwa hela yake ya shule. Sijui nani alimwambia ninazipenda.

Siku nyingine damu itahitajika tena, ninajua. Nataka kujua kama damu yangu ingemdhuru. Na nataka kujua kama nimwambie yaya ukweli. Nikisema ninavuta, nitapoteza kwaya, na yaya anaweza kusema ni moshi wangu ulioleta krizi zote. Nikinyamaza, nitabaki mjomba aliyenyima damu. Nimefikiria hata kuhama parseli.

Msomaji, Bukavu

*

Ndugu yangu wa Kadutu,

Umeniletea mizigo miwili iliyofungwa kwa kamba moja. Mmoja ni wa mwilini: moshi unaifanya nini damu, na je, ungemdhuru mtoto? Wa pili ni siri. Naona ulipokuwa kwenye lile benchi vilishikana hata hukuweza kujua ni upi unaokusukuma kuelekea mlangoni. Kwamba umeniandikia "kulikuwa na wazo la pili", wakati ungeweza kunificha, nimelipokea kwa heshima. Nitaanza na damu, kwa sababu huko kuna mambo yanayojulikana, na mengine kati ya hayo hukuyauliza. Mimi si daktari. Nimemuuliza mtu anayefanya kazi na damu kila siku, na baadhi ya ninayoandika ni yake.

Daktari wa redio hakukudanganya. Chukua teksi ya kutoka Kadutu kwenda Nyawera, yenye viti vinne vya abiria. Hemoglobini ndiyo teksi hiyo: ni protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, na kila moja ina nafasi nne za kubeba oksijeni. Oksijeni inapanda mapafuni, inashuka kwenye ubongo, kwenye moyo, kwenye vidole vya kupiga gitaa. Sasa ndani ya moshi wa sigara kuna gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Nayo inapanda teksi ileile, na inakishika kiti kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Tena ikishaingia, abiria waliobaki nao wanang'ang'ania viti vyao, wanafika kituoni na hawashuki. Kwa hiyo hasara ni mara mbili: nafasi imechukuliwa, na oksijeni iliyopata nafasi haitoki kirahisi pale inapohitajika.

(Wasomaji wa Goma wataniambia hayo ni mazuku. Hapana. Mazuku ni dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini na kulala mabondeni, inamkosesha mtu hewa. Hii ya sigara ni ndugu yake, lakini kazi yake inaifanya ndani ya damu yenyewe. Nayo pia haina rangi wala harufu. Kile unachonusa vidoleni ni kitu kingine.)

Kwa mtu asiyevuta, viti vilivyokaliwa na gesi hiyo kwa kawaida havifiki 3 kati ya 100. Kwa mvutaji ni 3 hadi 8, na kwa anayevuta sana vinaweza kupita 10. Mtu akiacha kuvuta, nusu ya gesi hiyo hutoka kwa pumzi katika saa 4 hadi 6, kisha nusu ya iliyobaki, hivyo hivyo. Usiku mmoja bila sigara unatosha kusafisha sehemu kubwa. Kwa hiyo mtu aliyevuta sigara tatu asubuhi akiwa na hofu, kisha akaingia kutoa damu, anatoa damu ambayo sehemu ya teksi zake zimekaliwa. Na ikishafungwa katika mfuko haina mapafu ya kupumulia, inabaki hivyo mpaka imfikie mgonjwa, ambaye ndiye atakayeitoa kwa pumzi zake.

Hofu yako basi ilikuwa na mguu mmoja wa kusimamia. Lakini angalia uzito wake. Benki za damu hazimkatai mtu kwa kuwa anavuta sigara tu. Wanachomwomba ni asivute kwa saa kadhaa kabla, na asivute mara baada ya kutoa maana kichwa kitamzunguka. Mtoto mwenye hemoglobini 4 yuko ukingoni. Mfuko ambao viti vichache vimekaliwa bado unamletea vingi vilivyo wazi. Ungemwambia muuguzi kwa sauti ya chini, "Nimevuta asubuhi hii," yeye ndiye angeamua. Labda angesema kaa, labda angesema rudi jioni.

Na lile wazo la pili? Katika damu ya kutolewa wanatafuta virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya B na ya C, na kaswende. Wanapima na kundi la damu. Tumbaku hawaitafuti. Hakuna karatasi ambayo ingetoka na neno "mvutaji". Ulimkimbia askari ambaye hakuwa njiani.

Kuhusu hemoglobini yako ya 17, samahani, lazima nikupunguzie sifa. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na mwili wa mtu wa huku hutengeneza hemoglobini zaidi kidogo kwa sababu hewa ni nyepesi. Mvutaji anaongeza tena: mwili ukiona teksi nyingi zimezuiliwa, unaingiza nyingine barabarani. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema namba ya hemoglobini isomwe kwa kuangalia urefu wa mahali na kama mtu anavuta. Kwa hiyo ile damu "ya watu wawili" huenda, kwa sehemu, ilikuwa ni mwili wako unalalamika. Muuguzi alicheka kwa wema, hakujua.

Kuna kemikali nyingine ambazo haziondoki kwa usiku mmoja. Baadhi yake, kama akrilonitrile na aminobifenili, zinagandamana na hemoglobini yenyewe na kuacha alama. Alama hizo zinakaa muda wote wa maisha ya chembe nyekundu, takriban siku 120. Maabara za utafiti zinazisoma kama seremala anavyosoma alama za penseli kwenye ubao, zinajua mbao ilipitia wapi miezi minne iliyopita. Alama hizo hazimwambukizi mtu. Ni ushahidi wa kile kilichopita mwilini mwako, na aminobifenili ni kati ya vitu vinavyojulikana kuleta saratani ya kibofu. Ipo protini nyingine ambayo ningependa uijue kwa ajili yako mwenyewe, si kwa ajili ya mtoto. Inaitwa alfa-1-antitripsini. Inatengenezwa na ini, inasafiri na damu hadi mapafuni, kazi yake ni kukizuia kimeng'enya ambacho chembe zetu za ulinzi hukitoa, kisije kikatafuna nyama ya mapafu. Moshi unaichoma protini hii mahali palepale pa mdomo wake, pale inapokamatia. Inabaki ikizunguka, lakini haing'ati tena. Ndiyo maana mapafu ya mvutaji yanaliwa kidogo kidogo kwa miaka bila yeye kusikia kitu, hadi siku anapopanda mteremko wa Kadutu na kusimama katikati. Na ile inayogandisha damu, fibrinojeni, huongezeka kwa wavutaji, damu inaganda kirahisi mahali isipotakiwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hukuliuliza. Umeihukumu damu yako kwa moshi, na hukuiuliza habari za ukoo. S ni alama ya urithi ya selimundu. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa mama na nyingine kwa baba. Kama yaya wako ni mzima, basi yeye ni AS: anabeba S moja, naye aliipata kwa mmoja wa wazazi wenu. Mzazi huyo, kila alipozaa, ilikuwa kama kurusha sarafu. Wewe ni mtoto wa mzazi huyohuyo. Uwezekano wa kwamba na wewe unabeba S ni nusu kwa nusu.

Inahusu nini? Kwa mgonjwa wa SS, madaktari pale wanapoweza huchagua damu isiyo na S kabisa, kwa sababu lengo ni kumpa hemoglobini isiyokunjika kama mundu. Damu ya mtu wa AS inaweza kumfaa mgonjwa mwingine, lakini kwa mtoto huyu si chaguo la kwanza. Palipo na mfuko mmoja tu na mtoto anazimika, daktari hutumia alichonacho, hilo nalo tulielewe. Na hospitali nyingi damu ya ndugu inaingia benki, mgonjwa anapewa mfuko mwingine unaomfaa. Kwa hiyo ile picha uliyonayo kichwani, ya moshi wako ukitiririka kwa mrija moja kwa moja kwenye mkono wa mtoto, huenda isingetokea kwa namna yoyote.

Umeshawahi kupima? Testi ya Emmel, kipimo cha damu cha kutafuta S, inajulikana sana huku kwetu, na ikionyesha S, kipimo kingine kiitwacho elektroforesi kinasema kama ni AS. Ningefurahi ukaifanya kabla ya siku nyingine ya benchi, na ikiwezekana mke wako naye, kwa sababu mna watoto watatu. Sisemi hivi kukutafutia kisingizio kizuri kuliko malaria. Mtu anaweza kulitumia karatasi la AS kufunika sigara, na nina wasiwasi kidogo kwamba umeshaanza kuliwaza.

Turudi nyuma ya jikoni. Wewe umelinda mfuko wa damu ambao haukutoka, na barua yako yote imesimama hapo. Lakini umeniambia, kama kwa bahati tu, kwamba kiti chako cha gitaa na mahali pako pa kuvutia ni pamoja, na kwamba kila Jumamosi mtoto yuko hapo. Mtu asiyevuta akikaa karibu na mvutaji, moshi unaingia katika damu yake pia. Watoto wanaoishi na wavutaji wamekutwa na zile alama kwenye hemoglobini yao. Na hemoglobini ya S ina tabia yake: ikikosa oksijeni inashikana, chembe inakunjika, inaziba njia, na hapo ndipo yale maumivu ya mifupa yanapoanza. Watoto wa SS wanaovuta moshi wa watu wengine wameonekana kupata krizi na matatizo ya kifua zaidi kuliko wenzao.

Nimeandika aya hiyo polepole, kwa sababu najua itakavyokuingia. Usikimbie nayo mbali. Haisemi kwamba wewe ndiye uliyeleta krizi ya mwezi ule. Krizi ina milango mingi: malaria, homa nyingine, baridi ya usiku, kukosa maji ya kunywa, uchovu. Hata mbabula, lile jiko la makaa, ndani ya jikoni isiyo na dirisha inatoa gesi ileile ya monoksidi, na huko hakuna mvutaji. Hakuna mtu, wala yaya wako, wala shangazi, anayeweza kunyoosha kidole na kusema ni mlango huu. Ila huu mmoja uko mkononi mwako kila Jumamosi, na ule wa hospitali unafunguka labda mara moja kwa mwaka.

Kumwambia yaya, basi. Wewe unaona njia mbili: kusema kila kitu na kupoteza kila kitu, au kunyamaza. Mimi naona kwamba watu waliomo katika siri hii hawako mahali pamoja. Muuguzi wa damu anahitaji ukweli wote, na ana wajibu wa kuutunza. Yaya anahitaji kitu kimoja, nacho ni kujua kwamba hukumkataa mtoto wake. Kanisa ni mlango wa mbali zaidi, na sioni kwa nini lazima uufungue siku hiyohiyo. Inawezekana kumwita yaya peke yake, si jikoni, labda mkitembea kuteremka mtaa wa Essence, na kumwambia: siku ile nilidanganya, sikuwa na malaria, nilikuwa nimevuta sigara na niliona aibu. Hatari yake unaijua. Anaweza kukasirika, anaweza kumwambia shangazi, na neno likafika kanisani kabla hujajiandaa. Anaweza pia kusema maneno ya krizi, na utalazimika kuyasikia bila kujitetea, maana kuna ukweli kidogo ndani yake na uchungu mwingi.

Njia ya kimya nayo naielewa. Unahamisha sigara mbali na parseli, au unaacha kabisa, unasubiri damu ihitajike tena, na safari hii unaingia bila kuambiwa mara mbili. Watu wengi wangefanya hivyo. Ina heshima yake. Lakini inategemea mtoto kuzidiwa tena ili wewe usafishwe, na sijui utajisikiaje ukiisubiri siku hiyo. Tena neno la shangazi litakuwa linafanya kazi yake wakati huo wote. Kuhama parseli sikuoni ukipata faida, isipokuwa shangazi kupata sura ya pili ya hadithi yake.

Kuhusu kuacha, sitakuhubiria, umeshahubiri mwenyewe vya kutosha. Siku tatu nne za kwanza ndizo kali, hasira juu, usingizi mbaya. Baada ya wiki tatu au nne mwili unatulia kwa wengi. Mke wako akijua tarehe, atakuvumilia. Damu yako itakuwa na subira kuliko wewe: gesi inaondoka kwa siku moja au mbili, na baada ya kama miezi minne chembe zote zenye alama za zamani zitakuwa zimekwisha kufa na nyingine zimezaliwa mahali pake. Mapafu hayarudi yalikotoka, lakini yanaacha kuliwa kwa kasi ile. Wengi huanguka mara kadhaa kabla ya kuacha kweli. Ukianguka, angukia mbali na kile kiti.

Kijana wa kwaya aliyetoa damu badala yako, umemshukuru? Hujasema. Nimeuliza tu.

Na jambo moja limenikalia tangu nisome barua yako. Unasema kwenye kwaya hakuna anayejua, nyumbani anajua mke wako tu. Kisha unasema mtoto anakuletea bombo za mnanaa kila Jumamosi, kwa hela yake, na hujui nani alimwambia unazipenda. Ndugu yangu, je, unazipenda? Mtoto wa miaka 9, aliyelala hospitalini mara nyingi, ambaye pua yake iko umbali wa shingo ya gitaa kutoka mdomoni mwako. Mimi ningeanza mazungumzo na huyo kabla ya yaya, bila kumbebesha siri, kwa kumuuliza tu Jumamosi ijayo akikupa ile ya kwanza: "Hizi unaniletea kwa nini?" Kisha niandikie alichojibu.